Bendera Nyekundu Mbele ya Motokaa

Watu wa Munje, kijiji cha pwani kilicho karibu na Msambweni, wanapotoka kwenda kungoja gari katika barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, huona malori ya kila namna yakipita. Baadhi ya malori hayo huchukua nondo, mabomba au mbao ndefu zilizotokeza nyuma kupita bodi, na kwenye ncha ya shehena hufungwa kitambaa chekundu. Kila mtu ajua maana yake: wewe ufuataye nyuma, jihadhari usije ukachomwa. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa palikuwa na wakati ambapo alama hiyo hiyo ya hatari haikufungwa nyuma ya gari, bali ilishikwa mkononi na mtu aliyekwenda kwa miguu mbele ya gari, naye dereva hakuruhusiwa kumpita.

Sheria hiyo ilitungwa na Bunge la Uingereza mwaka 1865. Wakati huo motokaa za petroli zilikuwa hazijabuniwa bado. Yaliyokuwako ni magari mazito ya mvuke, yenye tangi la maji na tanuri la makaa, yaliyotumika kuvuta mizigo na mashine za mashambani. Sheria ilisema kwamba kila gari la namna hiyo liwe na watu wasiopungua 3 wa kulihudumia. Mmoja wao alipaswa kutangulia kwa miguu, mbali na gari kwa yadi 60, yaani karibu mita 55, akiwa ameinua bendera nyekundu wakati wote. Kazi yake ilikuwa kuwaonya wapanda farasi na waendeshaji wa magari ya farasi kwamba chombo cha moto kinakuja, kumpa dereva ishara ya kusimama, na kuwasaidia wenye farasi kupita salama. Mwendo wa gari lenyewe usizidi maili 4 kwa saa nje ya miji, na maili 2 kwa saa ndani ya miji na vijiji.

Msomaji atakayetaka kuonja sheria hiyo na aipime kwa njia aijuayo. Kutoka Likoni mpaka Msambweni ni kilomita zipatazo 50. Maili 4 ni kilomita 6 na kitu. Basi gari liondokalo Likoni saa 12 za asubuhi lingefika Msambweni kiasi cha saa 8 mchana, ikiwa halikupumzika hata mara moja. Na tena lingechelewa zaidi kwa sababu pale Ukunda, penye maduka na watu wengi, lingelazimika kupunguza mwendo mpaka nusu. Mwenye bendera angekuwa ameitembea safari yote hiyo juani. Mtu mwenye haraka angeshuka garini kwa heshima, akaaga, akaenda zake kwa miguu, naye angefika kwanza.

Kulikuwa na jambo jingine la ajabu katika sheria ile, nalo ni habari ya kelele. Gari lilikatazwa kabisa kupiga filimbi yake likiwa barabarani, kwa sababu yoyote ile. Kadhalika dereva alikatazwa kufungulia mvuke utoke kwa kishindo mbele ya mtu aliyepanda au kuendesha farasi. Leo gari lisilo na honi ni kosa, lakini siku zile mlio wenyewe ndio uliokuwa kosa. Mageuzi yalikuja mwaka 1896, miaka 31 tu baadaye, sheria mpya ilipoagiza kila motokaa iwe na kengele au chombo kingine cha kuwaonya watu kwa sauti.

Ni rahisi kuwacheka watu wale, na wengi wamewacheka. Lakini yafaa kuwatendea haki. Katika Uingereza ya mwaka 1865 farasi ndiye aliyekuwa lori, basi na teksi. Farasi akishtuka mbele ya mashine yenye moshi na cheche huruka na kukimbia ovyo na gari aliloburura, na waliomo ndani huweza kufa. Tena magari yale ya mvuke yalikuwa na uzito wa tani nyingi, nayo yaliharibu barabara na madaraja ambayo wenyeji walitozwa kodi kuyatengeneza. Ni kweli pia kwamba wenye makampuni ya reli na ya magari ya farasi hawakupendezwa kumwona mshindani mpya, nao walikuwa na sauti kubwa katika Bunge. Hofu ya kweli na faida ya watu wachache zilikaa katika kifungu kimoja, na si kazi rahisi kuzitenganisha.

Bendera yenyewe haikudumu sana. Mwaka 1878 sheria ilirekebishwa, bendera ikaacha kuwa lazima kwa nchi nzima, ingawa mtangulizi wa miguu alibaki, na masafa yake yakapunguzwa kuwa yadi 20. Kwa hiyo zile picha za motokaa ya petroli ikifuata bendera nyekundu kwa amri ya sheria ya nchi nzima ni za kutia chumvi. Motokaa za petroli zilipofika Uingereza, katika miaka ya 1890, bendera ilikuwa imekwisha kuondoka. Kilichobaki ni yule mtu wa miguu na ule mwendo wa kobe.

Mwendo huo ndio uliomtia mashakani Bwana Walter Arnold. Mwezi wa Januari 1896 bwana huyu alipita na motokaa yake katika kijiji cha Paddock Wood, katika jimbo la Kent, kwa mwendo wa maili 8 kwa saa mahali palipokuwa na kikomo cha maili 2. Tena hakuwa na mtu wa kumtangulia. Askari polisi wa kijiji alikuwa nyumbani kwake akila chakula. Aliiona motokaa ikipita, akaacha sahani yake, akapanda baisikeli, akaifukuza kwa maili 5 mpaka akaikamata. Mahakama ilimtoza Arnold faini ya shilingi 1 kwa kosa la mwendo, pamoja na gharama na faini za makosa mengine. Motokaa iliyokamatwa na baisikeli! Hata hivyo huyo ndiye atajwaye kuwa mtu wa kwanza katika Uingereza kuhukumiwa kwa kuendesha motokaa mbio.

Mwaka huo huo mambo yalibadilika. Tarehe 14 Novemba 1896 sheria mpya ilianza kutumika: magari mepesi yakaachiliwa, mtu wa mbele akaondolewa, na kikomo cha mwendo kikapandishwa kwa maili kadhaa. Wenye motokaa walifurahi kupita kiasi. Asubuhi ya siku hiyo walikusanyika London, bwana mkubwa mmoja akachana bendera nyekundu mbele ya wote ili kuonyesha kuwa utumwa umekwisha, kisha wakaondoka kwa msafara mpaka mji wa Brighton ulio pwani. Bendera waliyoichana ilikuwa imekufa kisheria miaka 18 kabla, lakini katika sherehe nani atazamaye tarehe.

Sherehe ile ilifanyika miezi 3 tu baada ya jambo la huzuni. Tarehe 17 Agosti 1896, mjini London, karibu na jumba lililoitwa Crystal Palace, mwanamke mmoja aitwaye Bridget Driscoll, mwenye umri wa miaka 44, aligongwa na motokaa iliyokuwa ikichukua watu kuwaonyesha chombo hicho kipya. Alikufa. Yeye ndiye mtu wa kwanza aendaye kwa miguu kuuawa na motokaa ya petroli katika Uingereza. Baraza lililochunguza kifo chake liliamua kwamba ilikuwa ajali, na hakuna aliyeshtakiwa. Tangu siku hiyo hesabu ikaanza, wala haijafungwa.

Nao watu wa pwani yetu walikuwa na habari gani siku hizo? Mwaka 1896, mwezi wa Mei, ndipo reli ya Uganda ilipoanza kutandikwa Mombasa. Motokaa hazijafika. Lakini Mombasa ilikuwa na chombo chake chenyewe cha barabarani, ambacho wazee walikikumbuka kwa muda mrefu, nacho ni toroli. Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilijaribu kujenga reli nyembamba ya kwenda bara. Ikatandika maili chache tu, kisha kazi ikakwama. Vyuma vile havikutupwa. Vilitandikwa katika njia za mji, na juu yake vikawekwa vigari vidogo vyenye kiti na kivuli cha turubai, vikisukumwa na watu kwa mikono. Maofisa na matajiri walikuwa na toroli zao za binafsi, na njia ndogo za reli zikafika mpaka kwenye milango ya nyumba zao. Toroli haikuhitaji farasi, makaa wala petroli. Ilihitaji jasho la wanaume wawili au zaidi, ambao katika picha za kale huonekana wamevaa sare safi, na bwana amekaa mbele akitazama bahari. Katika miaka ya 1920 motokaa zilipoongezeka, reli zile ziling'olewa.

Hapo ndipo penye ucheshi wa habari hii. Sheria za kwanza za barabara ziliandikwa na watu walioishi kati ya farasi, kwa ajili ya kuwalinda farasi, kisha mizizi yake ikasafirishwa mpaka nchi ambayo farasi karibu hawapo. Kwale ni nchi ya mbung'o. Farasi hawezi kustahimili ugonjwa uletwao na mbung'o, na tena lipo gonjwa jingine la farasi katika Afrika lenye kuua upesi. Mtu wa Munje alimjua punda, alimjua ng'ombe na mbuzi, alijua mzigo wa kichwani, na mkokoteni alipofika mjini. Farasi alimsikia katika hadithi. Mpaka mwaka 1963 Munje ilikuwa ndani ya ukanda wa maili 10 ambao kwa jina ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja, lakini sheria za njia hazikutoka Unguja. Zilitoka Nairobi, na kalamu ya Nairobi ilichovya wino wake London.

Basi tazama kanuni za Uingereza za mwaka 1896. Dereva alitakiwa kusimamisha motokaa mara moja akiombwa na polisi, au na mtu yeyote mwenye farasi aliyeshtuka. Na kama mtu huyo hawezi kupiga kelele, kuinua mkono kulitosha. Mkono ulioinuliwa kando ya njia ulikuwa amri ya kisheria, hata kama mwenye mkono ni mkulima asiyejua kusoma. Katika barabara ya Lunga Lunga mikono huinuliwa kutwa nzima, lakini gari husimama ikiwa tu bado lina nafasi ya abiria mmoja, na mara nyingine hata ikiwa halina.

Au tazama sheria ya Uingereza ya mwaka 1930 juu ya ajali. Ilisema kwamba dereva akimgonga mnyama lazima asimame na kutoa jina lake na anwani yake. Lakini mnyama ni nani? Sheria ikawataja kwa majina: farasi, ng'ombe, punda, baghala, kondoo, nguruwe, mbuzi na mbwa. Basi. Paka hakutajwa. Kuku hakutajwa. Bata naye hakutajwa. Orodha hiyo ilichukuliwa vivyo hivyo katika sheria yao ya mwaka 1988. Anayejua jinsi kuku wa vijijini wavukavyo njia, wakifika katikati wakageuka kurudi walikotoka, ataelewa kwa nini watunga sheria waliogopa kumwandika kuku. Madereva wasingefika popote. Lakini kwa mama ambaye kuku watatu ndio akiba yake yote, huo ni upungufu mkubwa.

Ziko nchi ambazo hazikutaka hata kujadiliana na motokaa. Katika milima ya Uswisi, jimbo la Graubünden lilipiga marufuku motokaa mwaka 1900, na marufuku hiyo ikadumu mpaka mwaka 1925. Msafiri aliyefika mpakani na motokaa yake alilazimika kuzima injini na kukodi farasi au maksai waivute kupita jimbo zima, naye amekaa ndani akishika usukani. Kisiwa cha Bermuda kilizikataa motokaa za watu binafsi tangu mwaka 1908 mpaka mwaka 1946, na wakazi walitembea kwa baisikeli na magari ya farasi kwa miaka 38. Watu wa pwani ya Kenya hawana haja ya kushangaa sana. Kisiwa cha Wasini, kilicho kusini ya Munje, hakina motokaa wala njia ya kuipitisha, na vichochoro vya mji wa kale wa Lamu vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda wake. Lakini huko Wasini na Lamu ni mahali penyewe palipoikataa motokaa. Katika Graubünden barabara zilikuwako, na watu ndio walioamua kwa kura.

Zipo pia sheria ambazo husimuliwa sana na ambazo msomaji mwenye busara hataziamini. Husemwa kwamba katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, dereva aliyekutana na farasi walioshtuka alipaswa kuifungua motokaa yake vipande vipande na kuvificha vichakani mpaka farasi wapite. Hadithi hii hupendwa kwa kuwa ni tamu, lakini haikuwa sheria yenye nguvu wakati wowote. Vivyo hivyo husemwa kwamba dereva wa teksi mjini London alilazimika kubeba robota la majani makavu ndani ya gari lake. Asili yake ni sheria ya mwaka 1831, iliyohusu namna ya kuwalisha farasi wa magari ya kukodi wakiwa barabarani. Sheria ile ilichelewa tu kufutwa, mpaka mwaka 1976, na watu wakaijazia mengine.

Tukiacha hadithi, mambo ya kweli yenyewe yanatosha kumshangaza mtu. Ufaransa ilianza mapema kuwapima madereva: tarehe 14 Agosti 1893 mkuu wa polisi wa Paris alitoa amri kwamba hakuna ruhusa ya kuendesha bila cheti cha ustadi. Uingereza ilifuata njia nyingine. Tangu mwaka 1904 kila dereva alitakiwa kuwa na leseni, lakini leseni hiyo ilinunuliwa kwa shilingi 5 kama mtu anunuavyo stempu, bila kuulizwa kama amewahi kushika usukani, na bila kupimwa macho. Mtihani wa lazima ulianza tarehe 1 Juni 1935. Miaka 31 mizima watu waliruhusiwa kujifunzia juu ya migongo ya wenzao.

Tena lipo jambo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1930 Bunge lile lile ambalo mababu zake waliagiza mwendo wa maili 2 kwa saa liliondoa kabisa kikomo cha mwendo kwa motokaa za kawaida. Hoja yao ilikuwa kwamba kikomo cha zamani, maili 20 kwa saa, kilikuwa kinavunjwa na kila mtu, na sheria isiyotiiwa huleta dharau kwa sheria nyingine zote. Hoja hiyo si ya kipumbavu. Lakini mwaka 1934 watu 7,343 waliuawa katika barabara za Uingereza, wakati magari yote ya nchi yalikuwa kama milioni 2 na nusu tu. Mwaka uliofuata kikomo kilirudishwa katika sehemu zenye nyumba, maili 30 kwa saa. Leo nchi ile ina magari zaidi ya milioni 40, na wafao kwa mwaka ni pungufu ya 2,000. Kati ya bendera nyekundu na mwendo usio na kikomo walijaribu ncha zote mbili za kamba, na nusu karne ya hesabu za makaburi ndiyo iliyowaonyesha mahali pa kati.

Kenya haikupita njia hiyo yote, iliikuta katikati. Ilikuwa mwaka 1926 ndipo Bwana Galton-Fenzi, aliyeanzisha chama cha wenye motokaa cha Afrika Mashariki, alipoendesha gari kutoka Nairobi mpaka Mombasa, na safari hiyo ilihesabiwa kuwa ushujaa kwa sababu njia ilikuwa bado pori. Kivuko cha Likoni kilipata feri ya injini mwaka 1937, na hapo motokaa zikaweza kuvuka kwa wepesi kuja upande wa Diani na Msambweni. Sheria kuu ya barabara, ile ambayo mawakili na askari huiita Sura ya 403, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Imerekebishwa mara nyingi, imeongezewa faini na vifungu, lakini mifupa yake ni ile ile.

Sheria hiyo ilipotungwa haikumjua matatu. Magari ya watu binafsi yaliyochukua abiria kwa senti 30, yaani sarafu 3 za senti 10, ambazo ndizo zilizoyapa jina, yalikuwa magari ya wizi machoni pa sheria, nayo yaliwakimbia askari kila siku. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kuchukua abiria bila leseni ile ya biashara, kwa kuwa watu walikuwa wakiyahitaji. Lilikwisha kuwa jeshi la magari wakati sheria ilipoanza kulitafutia adabu, na adabu yenyewe ilifika kwa nguvu tarehe 1 Februari 2004, Waziri John Michuki alipoagiza mikanda ya viti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni.

Halafu zikaja pikipiki za abiria, na hapo sheria ya kale na maisha ya Munje vikakutana uso kwa uso. Katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1930 kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba pikipiki ya magurudumu 2 isichukue zaidi ya mtu 1 pamoja na dereva, na kwamba mtu huyo akae miguu huku na huku, mguu mmoja kila upande, juu ya kiti kilichofungwa imara nyuma ya dereva. Walioandika kifungu hicho waliwafikiria vijana wa Kiingereza waliotembea mwisho wa juma na wachumba wao, ambao siku zile walipenda kukaa kiupande kwa sababu ya sketi. Kifungu hicho kilivuka bahari na kuingia katika sheria ya Kenya, kikakaa kimya kwa miaka mingi, maana pikipiki zilikuwa chache na wenye nazo walikuwa wanaume watupu.

Leo bodaboda ndiyo gari la kijiji. Ndiyo iendayo sokoni, shuleni, dukani na mazishini. Na katika pwani yote, kutoka Vanga mpaka Lamu, mwanamke aliyevaa buibui au aliyejifunga leso hupanda kiupande, miguu yote miwili upande mmoja, kikapu mapajani. Kwa heshima ya kwao hivyo ndivyo ipasavyo. Kwa kifungu kile ni kosa. Aliyekiandika alikuwa na sababu, kwa kuwa akaaye kiupande hana pa kubana magoti yake pikipiki inapoyumba, na ncha ya buibui hupenda kuingia katika mnyororo. Mwenye kupanda naye ana sababu yake, na hajapata mtu wa kumweleza jinsi atakavyokaa miguu huku na huku mbele ya wakwe zake. Wengine wameanza kuvaa suruali ndani ya buibui na kukaa kama sheria itakavyo. Wengi hawajaanza.

Jambo hili si la mzaha. Tangu mwaka 2021 watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakiuawa kila mwaka katika barabara za Kenya, na walio wengi kati yao ni wale wale ambao bendera nyekundu ilikusudiwa kuwatangulia na kuwaonya: waendao kwa miguu, na baada yao wapanda pikipiki. Gari dogo laruhusiwa kwenda kilomita 110 kwa saa nje ya miji. Mtoto wa shule avukaye barabara kuu anaweza kuliona gari hilo likiwa mbali kama minazi kumi, na kabla hajahesabu mpaka tano limekwisha kufika. Katika sehemu nyingi wenyeji wamedai matuta, na penye matuta magari hupunguza mwendo, yakigonga na kunung'unika. Tuta halihitaji askari wala mahakama, wala haliwezi kupewa hongo. Huenda ndilo lililochukua kazi ya yule mtu wa miguu aliyetembea yadi 60 mbele.

Lakini tuta halisaidii usiku, mtoto anapopata homa kali na degedege. Hospitali ya Msambweni iko, na njia ya kutoka kijijini ni ya mchanga. Gari halipo, ila pikipiki moja ya jirani. Dereva hupanda mbele, mama hukaa nyuma na mtoto kifuani, na nyuma ya mama hukaa shangazi wa kumshika asianguke, kwa kuwa mikono yake yote miwili imemkumbatia mgonjwa. Sheria yasema mtu 1, nao wako 3, na wanawake wote wawili wamekaa kiupande. Dereva hulijua kosa lake, na askari akiwasimamisha njiani naye hulijua. Humulika tochi, humtazama mtoto, kisha huwaonyesha kwa mkono wapite.